Acheni Kukaza Nati ya Shingo

Mwambie fundi wa pikipiki pale Zuzu kwamba usukani wako umelegea. Kabla hujamaliza maneno yako ameshainama kutafuta nyundo. Nyundo na bisibisi pana, ile kongwe ambayo haifungui tena skrubu yoyote na sasa kazi yake ni kuwa tindo. Ataikita kwenye pengo la nati ya mviringo iliyo shingoni mwa pikipiki, agonge mara tatu au nne, autikise usukani kulia na kushoto, kisha akwambie, "Tayari mzee, ilikuwa imelegea tu." Unampa elfu mbili, unaondoka.

Dawa hiyo nimeinywa miaka mingi bila kuuliza imechanganywa na nini. Leo naitapika hadharani. Kauli kwamba usukani ukicheza ni wa kukazwa imetamalaki vijiwe vyote vya magharibi ya Dodoma, kuanzia Kizota hadi kwetu Zuzu, na sidhani kama inaishia huku. Mimi nasema ni kauli ya uvivu, tena inaumiza watu. Mara kwa mara nati ya shingo huadhibiwa kwa kosa la tairi, la bushi, la mzigo, au la kipande cha mpira kisichozidi bei ya soda chache. Na pikipiki iliyoadhibiwa hivyo hurudi barabarani na ugonjwa wake wa zamani, pamoja na mwingine ulioongezwa kwa nyundo.

Niwatendee haki kwanza mafundi, maana jambo hili hawakuliota. Shingo ya pikipiki ni bomba fupi lililo mbele ya fremu. Ndani yake hupita mti wa usukani, na mti huo huzungukia gololi zilizopangwa kwenye vikombe vya chuma, juu na chini. Grisi ikikauka, vumbi la Dodoma likaingia, gololi zikaanza kuvila vikombe, nafasi hupatikana. Ukishika breki ya mbele unasikia kitu kikigonga viganjani, ngo, kama mlango ambao komeo lake limechoka. Hapo nati inahusika kweli. Hata pikipiki iliyotoka dukani juzi, vikombe vyake hujikalisha vizuri baada ya kilomita mia kadhaa za mwanzo, ndiyo maana huduma ya kwanza hutaka shingo ikaguliwe. Ugonjwa huo upo, siupingi. Ninachobisha ni kuufanya ugonjwa pekee.

Njia hii tulishaipita hospitalini. Walio na umri wangu wanakumbuka kila mtoto mwenye homa alivyokuwa akipewa dawa ya malaria: joto likishuka anasifiwa daktari, lisiposhuka dozi inarudiwa. Kilichotutoa huko ni kipimo cha haraka cha tone la damu. Siku hizi muuguzi hutoboa kidole kwanza, dawa baadaye. Gereji zetu zimebaki enzi za klorokwini.

Na cha kusikitisha ni kwamba wagonjwa wenyewe hujieleza vizuri sana. Kaeni kijiweni msikilize waendesha bodaboda wanavyosimuliana kabla hawajafika kwa fundi. Mmoja husema pikipiki yake inacheza. Mwingine anasema inaelea. Wa tatu, inavuta kushoto. Wa nne, inapepesuka ukifika themanini. Wa tano, inapiga mikono ukiachia kidogo. Hayo ni malalamiko matano, kila moja na mlango wake. Yakifika kwa fundi yote hutiwa kwenye gunia moja lililoandikwa "imelegea", na gunia hilo lina dawa moja.

Inayocheza, yaani inayogonga unaposhika breki, huenda ni shingo kweli, au ni bushi za ndani ya shokapu za mbele. Inayovuta upande mmoja haina uhusiano na kulegea hata kidogo: gurudumu la nyuma limekaa upande kwa sababu aliyekaza cheni mara ya mwisho alizungusha nati ya kulia zaidi kuliko ya kushoto, au shokapu moja ilipinda siku ile ulipoanguka ukasema haijaumia. Inayopiga mikono, ule mtetemo wa haraka wa usukani mwendo ukiwa wa wastani, mara nyingi ni tairi la mbele lililolika vibaya, rimu iliyopinda, au beringi ya gurudumu iliyokwisha. Inayopepesuka na inayoelea nitazirudia kwa kirefu, maana ndizo zinazokazwa sana, na ndizo ambazo kukazwa kunazidhuru zaidi.

Mwaka 1971 mhandisi Mwingereza, Robin Sharp, alichapisha hesabu zake kuhusu uthabiti wa pikipiki, na waliomfuata katika fani hiyo wamejenga juu ya msingi wake. Alionyesha kuwa pikipiki ina namna zaidi ya moja ya kuyumba. Upo mtetemo wa sehemu ya mbele peke yake, usukani na gurudumu lake, wa haraka sana, mara kadhaa kwa sekunde moja. Upo pia myumbo wa pikipiki nzima, mzito na wa polepole zaidi, nyuma na mbele zikipishana kama nyoka anayevuka njia. Huo ndio kupepesuka kwetu. Kilichonifanya nilisome jambo hili mara mbili ni hiki: ukiongeza kizuizi kwenye usukani, mtetemo wa mbele hupungua, lakini katika mwendo mkubwa myumbo wa pikipiki nzima huzidi. Dawa ya ugonjwa mmoja ni sumu ya mwingine. Hapo Sharp alizungumzia kifaa maalumu cha kuzuia, ambacho walau huruhusu mwendo mdogo kupita taratibu. Nati iliyopigwa nyundo haina ustaarabu huo. Hushika kabisa, halafu huachia ghafla.

Kama hesabu za Waingereza hazikushawishi, toka asubuhi na mapema kabla upepo haujafuta nyayo, uangalie mchanga wa njia zetu za ndani. Pikipiki iliyopita peke yake imeacha alama mbili, ya tairi la mbele na ya nyuma. Ile ya nyuma karibu imenyooka. Ya mbele inacheza juu yake, mara kulia mara kushoto, kama mshono wa fundi cherehani anayejifunza. Mpanda hakuyumba, hakujua hata kama aligusa usukani. Pikipiki husimama kwa kuanguka kidogo na kujirekebisha kidogo, safari nzima, na marekebisho hayo hupitia kwenye shingo. Sasa mkazie huyo mpanda nati yake mpaka usukani uwe mzito, halafu mwambie apite tena palepale. Mawimbi ya mshono yatapanuka, kwa sababu kila rekebisho dogo limekwama mpaka likawa kubwa. Yeye atakwambia pikipiki imetulia. Ndivyo mkono unavyodanganywa: uzito wa usukani unauhisi kama uimara.

Mimi mwenyewe nilidanganyika hivyo hivyo. Nina pikipiki ya kujidai, kruza ya Kijapani iliyotumika, injini ya V, kiti cha chini, usukani mpana uliorudi nyuma kumfuata mpanda. Zuzu hakuna nyingi za namna hiyo, kwa hiyo popote niliposimama nilipata mashabiki, na kila shabiki alikuwa fundi. Usukani ulikuwa ukinipa hisia ya kuteleza: naugeuza kidogo, pikipiki inasubiri kwanza, ndipo inageuka. Fundi wa kwanza alikaza. Fundi wa pili akakaza zaidi, akamsema vibaya wa kwanza. Nilipoipeleka barabara ya Singida, baada ya Nala, kwenye themanini hivi, pikipiki ilianza kutembea kama mtu aliyetoka kilabuni. Sijawahi kuachia mafuta polepole kwa uangalifu kama siku ile.

Kosa la kwanza la mafundi wangu lilikuwa kuipima kruza kwa mkono uliozoea Boxer. Bodaboda za kawaida shingo yake imesimama zaidi, nyingi zikiwa na mlalo wa digrii 26 au 27 hivi. Kruza imelazwa, mara nyingi inapita 30, na gurudumu la mbele limetupwa mbali. Umbo hilo huifanya inyooke vizuri kwenye mwendo, lakini ukiwa polepole au umesimama, gurudumu hupenda kuanguka upande wenyewe, kulia au kushoto, kwa uzito wake. Asiyeijua tabia hiyo atasema usukani umelegea. Hakuna kilicholegea, ndivyo ilivyozaliwa.

Kosa la pili lilikuwa kutazama shingo wakati ulegevu wenyewe ulikuwa juu yake. Usukani wa kruza nyingi haushikwi na chuma kwa chuma. Vishikio vyake vimekalia mipira midogo ili mtetemo wa injini usifike mikononi. Jua la Dodoma na umri vilikuwa vimeikausha mipira ya kwangu mpaka ikapasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Nilipougeuza usukani, vishikio viligeuka kwanza, mipira ikajikunja, na ndipo shokapu zikapata habari. Kuligundua hilo hakukuhitaji spana. Nilibana gurudumu la mbele katikati ya magoti, nikauvuta usukani mbele na nyuma, na nikaona kwa macho yangu vishikio vikinesanesa huku kichwa cha shokapu kimetulia kimya. Mipira mipya, na nati ya shingo kulegezwa ilivyotakiwa, ukawa mwisho wa hadithi. Fundi wa pili mpaka leo anaamini alinitengenezea yeye.

Wanaozitengeneza hizo kruza hawafikiri kama sisi. Vitabu vya huduma vya Harley-Davidson vina kipimo cha shingo ambacho kingemshangaza fundi wetu. Unainua gurudumu la mbele lisiguse chini, unalinyoosha, halafu unalisukuma pole pole mpaka lianguke lenyewe upande mmoja, unaweka alama. Unafanya hivyo upande wa pili, kisha unapima umbali kati ya alama mbili. Yaani kinachopimwa pale ni uhuru wa usukani: uanguke bila kulazimishwa, lakini usianguke kabla ya wakati. Sisi tunapima kwa kuutikisa na kusema "sasa umekaza". Na hao hao Harley, tangu mwaka 1980 walipoleta modeli ya FLT yenye injini iliyokalia mipira, wamewafundisha mafundi wao somo jingine la maana: mipira na bushi za nyuma zikichakaa, gurudumu la nyuma huanza kuwa na maamuzi yake, na mpanda hulihisi jambo hilo mikononi, mbele, kwenye usukani. Kosa liko nyuma, kilio kiko mbele.

Hapo ndipo nawarudia waendesha bodaboda, maana ndio wengi na ndio wanaoumia. Pikipiki inayopepesuka, kabla hujagusa chochote cha mbele, nenda nyuma. Iweke kwenye stendi kubwa, shika tairi la nyuma kwa mikono miwili, lisukume kulia na kuvuta kushoto. Likicheza, tazama panapocheza. Kama swingamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, imetulia na tairi peke yake ndilo linalonesa, beringi za gurudumu zimekwisha. Kama swingamu yenyewe inatembea pale inapofungwa kwenye fremu, bushi zimekwisha, na pikipiki kama hiyo hata ukichomelea nati ya shingo kwa moto itaendelea kupepesuka. Gonga spoki kwa spana, moja baada ya moja. Iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti ya kibubu. Barabara zetu zenye vimatuta kama mbavu za ng'ombe wa mwezi wa kumi hulegeza spoki haraka kuliko mtu anavyodhani, na gurudumu la spoki zilizolegea hujipinda kila linapobeba mzigo.

Mzigo, sasa. Huu ndio mlango wa kuelea, na ndio mlango ambao hakuna anayetaka kuufungua kwa sababu ndani yake kuna ugali. Bodaboda ya kawaida ina uzito wa karibu kilo 120. Madumu matano ya maji ya lita 20 ni kilo 100, bado mpanda. Gunia la mkaa la lumbesa linaning'inia nyuma ya ekseli. Mshikaki wa abiria watatu, wa mwisho akikalia keria. Katika hali zote hizo sehemu ya uzito imepita nyuma ya ekseli ya nyuma, na kila kilo iliyo nyuma ya ekseli ile huinyanyua mbele, kama mtoto anayekalia ncha ya ubao. Tairi la mbele linabaki kuugusa mchanga kwa adabu tu. Usukani unakuwa mwepesi, hauongozi, unaelea. Kijana anashusha mzigo, anakwenda kwa fundi na pikipiki tupu, anasema usukani umelegea, na fundi anakaza pikipiki ambayo wakati huo haina tatizo lolote. Kesho yake, na mkaa ule ule, mbele ile ile nyepesi inaongozwa na usukani mzito. Sijui adui yako angekutakia nini zaidi.

Halafu kuna upepo wa aina mbili. Ule wa angani, unaovuma Dodoma kiangazi chote na kuzipigia miluzi nyaya za kituo cha umeme cha TANESCO hapa Zuzu, huisukuma pikipiki yenye mzigo mpana ubavuni. Huo hauna spana. Na ule wa ndani ya tairi, ambao una spana, tena ya bei nafuu kuliko zote, na ndio hatuushughulikii. Vijana wetu hupima upepo kwa kidole gumba. Kidole gumba cha mtu anayechimba mitaro na cha karani havifanani, lakini vyote vinaitwa kipimo. Kwa pikipiki nyingi za rimu ya 17 kiwango ni kati ya psi 25 na 28 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukibeba mtu. Stika au kitabu cha pikipiki yako ndicho kitakachokuhakikishia. Tairi la mbele likishuka hadi 15, mashavu yake hujikunja kila unapogeuza, na hisia anayoipata mpanda ni ile ile ya shingo iliyolegea. Hakuna tofauti mikononi. Ukaze nati kwa hilo?

Tairi lenyewe lina mashtaka yake. Lililolika katikati likawa bapa halitaki kulala kwenye kona. Hukaa wima, kisha huanguka ghafla. Tairi za meno, ambazo vijana huzipenda kwa ajili ya mchanga, zikifika kwenye lami hukanyagia vidole vyake na kunesa. Sizilaumu. Anayeishi Zuzu na kufanya kazi mjini anahitaji tairi la barabara mbili. Lakini ajue kwamba hisia ile ni ya meno, asimpelekee fundi.

Na mchanga nao usemewe, kwa sababu wageni waliohamia Dodoma tangu serikali ilipoanza kuja kwa kishindo mwaka 2016 wamekuta njia za pembezoni hazifanani na za walikotoka. Kwenye mchanga wa korongo usukani lazima utembee. Ukitembea mikononi mwako, haujaharibika. Tairi linatafuta njia yake, na aliyekulia hapa hulegeza mikono, husogeza makalio nyuma kidogo, huongeza mafuta kiasi, akapita. Mgeni hukaza mikono na kuanguka. Kisha, kwa bahati mbaya, anakwenda kukaza na nati.

Najua nitakavyojibiwa. "Wewe una muda. Kijana wa mkataba hana." Na hii si hoja ya kuipuuza. Anayeendesha kwa mkataba hudaiwa hesabu kila siku au kila wiki mpaka pikipiki iwe yake, na saa moja gereji ni abiria waliokwenda kwa mwingine. Fundi anayemwambia akae nusu saa wapime swingamu atapoteza mteja kwa fundi wa mti wa pili, mwenye nyundo tayari. Sawa. Lakini hesabuni vizuri. Ukaguzi wote nilioutaja, upepo, tairi, nyuma, spoki, usukani, kisha shingo mwisho kabisa, ni robo saa kwa mwenye mazoea. Nati inayokazwa ovyo hurudi gereji baada ya wiki mbili, kwa sababu gololi zilizobanwa bila nafasi, zikipigwa na mashimo ya barabara, huchimba vishimo kwenye vikombe, hasa pale usukani unapokuwa umenyooka. Baadaye usukani unakuwa na kituo: ukiunyoosha unajinasa katikati, tiki, kama swichi. Hapo ndipo fundi yule yule anasema, "Mzee, gololi zimekufa." Zimeuawa, na muuaji anaomba hela ya mazishi.

Mazishi yenyewe hufanywa nusu. Gololi mpya hutiwa kwenye vikombe vile vile vyenye vishimo, eti vikombe bado vizima, kwa sababu kuving'oa shingoni kunataka kazi na seti nzima ni ghali kuliko gololi za kumwaga. Ni kama kumvalisha mgonjwa wa meno meno mapya juu ya fizi zilizooza. Shingo ikifunguliwa, vibadilishwe vyote, vikombe na gololi, grisi ya kutosha na siyo ya kupaka kwa ncha ya kidole. Nati ikazwe mpaka mchezo uishe, na usukani bado uanguke wenyewe kulia na kushoto ukiwa umenyanyuliwa. Mtu mmoja akikalia nyuma ya kiti pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, mbele hunyanyuka bila jeki. Halafu ikazwe nati kubwa ya juu na kupimwa tena, maana nayo ikibana huisukuma ile ya chini, na hapo ndipo kazi nzuri nyingi zinapoharibikia.

Na kuna jamaa wengine ambao hawakazi wala hawapimi, wao wanalaani. Pikipiki za siku hizi, wanasema, ni bati tupu. Za zamani ndizo zilikuwa pikipiki. Hawa sina muda nao mrefu. Bodaboda ya Zuzu hubeba kwa siku moja mzigo ambao mwenye pikipiki ya zamani hakuuwaza kwa mwezi, kwenye barabara zile zile, kwa grisi kidogo zaidi. Ikilegea miaka miwili baadaye, imevumilia.

Linabaki suala la fedha, na nadhani ndilo lililoijenga kauli ya kukaza kuliko ujinga wowote. Fundi wetu hulipwa kwa alichofunga au alichogonga. Halipwi kwa alichoangalia. Akitumia robo saa kugundua kwamba tatizo lako ni upepo, amejinyima chakula cha mchana. Akipiga nyundo mara nne, amekula. Nami ningekuwa yeye ningepiga nyundo. Kwa hiyo nilibadilisha upande wangu wa biashara. Nikifika, kabla hajainama, namwekea elfu mbili mkononi na kumwambia hii ni ya kukagua tu, ukigusa nati naidai. Mara ya kwanza alicheka, akawaita wenzake waje wamwone mzee anayelipia kutazamwa. Mara ya pili hakucheka. Mara ya tatu nilimkuta na kijana mwenye Boxer iliyobeba matenga matupu ya zabibu. Kijana alikuwa ndiyo kwanza amesema usukani umelegea. Fundi aliiacha nyundo ndani ya debe, akajifuta mikono, akamuuliza, "Unalegea vipi? Unacheza, unaelea, au unapepesuka?"